Idi Amin kabla ya Ikulu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa Nairobi kila mtu ana hadithi yake ya Amin. Wazee wanakumbuka vitisho vya 1976, aliposema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Vijana wanamjua kwa video fupi za kwenye simu, jitu linalocheka huku likipiga kodiani. Ninachoulizwa zaidi ni mambo ya nyuma ya hapo: huyu mtu alitoka wapi, na nani alimfungulia mlango? Majibu yaliyo hapa yanaanzia utotoni mwake na kuishia miezi michache baada ya mapinduzi ya Januari 1971. Yaliyofuata yameandikwa sana na wengine.

Alizaliwa wapi, na mwaka gani?

Anayekupa tarehe kamili anakisia. Hakuna cheti cha kuzaliwa. Miaka inayotajwa ni kati ya 1923 na 1928, na wengi hutumia 1925. Kuhusu mahali, wengine husema Koboko, kule kaskazini magharibi Uganda inakopakana na Kongo na Sudan, wengine Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa aliyezaliwa Mkatoliki kisha akasilimu. Mama yake alikuwa Mlugbara na mganga wa mitishamba. Wazazi waliachana, mtoto akabaki na mama, na sehemu kubwa ya utoto wake ikapita Buganda, upande wa mashamba ya miwa ya Lugazi. Shule alisoma kidogo tu. Alipitia chuo cha Kurani huko Bombo mwanzoni mwa miaka ya 1940, na hapo masomo yakaisha.

Hao Wanubi wanaotajwa katika maisha yake ni ndugu wa Wanubi wa Kibera?

Ndiyo, chimbuko ni moja. Ni wazao wa askari wa Kisudani wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, ambao Lugard, afisa wa Waingereza, aliwachukua mwaka 1891 akawapeleka Uganda kuwa jeshi lake. King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, ilipoundwa 1902, yaani ile keya tunayoisikia kwa wazee, Wanubi walikuwa uti wa mgongo wake. Waliostaafu upande wa Uganda walikaa Bombo na miji mingine, na wa huku wakapewa msitu uliokuwa pembeni mwa Nairobi, ndio Kibera.

Unubi haukuwa damu peke yake. Kijana Mkakwa au Mlugbara aliyesilimu, akavaa sare na kuongea Kinubi, alihesabiwa kuwa wao. Amin alikuwa Mkakwa kwa baba na Mnubi kwa malezi. Jambo hili linakuwa na uzito mkubwa baadaye, pale alipoanza kuajiri askari wake mwenyewe. Lakini tusiwabebeshe watu wa Kibera mzigo usio wao. Wakati Amin anapanda ngazi Kampala, wao walikuwa wakihangaika na ardhi yao na vitambulisho, shughuli iliyowachukua miongo mingi.

Ni kweli alianza jeshini kama mpishi?

Kama msaidizi wa mpishi, ndiyo, mwaka 1946. Mwaka uliofuata akahamishiwa kikosi cha miguu. Baadaye alijigamba kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Vita hivyo viliisha 1945, kabla hajaingia jeshini.

Kwa nini Waingereza walimpenda? Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.93, mwenye nguvu, mcheshi, na aliyetii amri bila maswali. Sera yao ya kuajiri ilipendelea vijana wa kaskazini wenye miili mikubwa na elimu ndogo, kwa imani kwamba msomi angewasumbua. Kwa hiyo kutosoma, ambako kungemzuia mtu kuwa karani au mwalimu, kwake kulikuwa sifa.

Aliwahi kuishi Kenya?

Miaka kadhaa. Kuanzia 1947 alikuwa Gilgil na kikosi cha 21 cha KAR. Kisha wakapelekwa kaskazini mwa Kenya kupambana na wavamizi wa mpakani. Alirudi tena Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Ukijumlisha, ujana wake wa kijeshi ulikomaa katika ardhi ya Kenya.

Alipigana na Mau Mau?

Ndiyo, na swali hili huwashtua watu kuliko yote. Tunapozungumzia Mau Mau huwa tunawakumbuka maafisa Wazungu na homugadi, tunasahau kwamba vikosi vya KAR vilivyosaka misituni vilitoka Uganda na Tanganyika pia. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka huohuo Amin akawa koplo, na 1953 akawa sajini.

Tazama ni mafunzo gani aliyapata. Vijiji vilizingirwa alfajiri, watu wakafungwa bila kesi, wakahojiwa kwa kipigo, na zaidi ya watu 1,000 wakanyongwa kwa amri ya mahakama. Askari aliyeonyesha ukali hakuulizwa, alipandishwa cheo. Sisemi kwamba Waingereza ndio waliomfundisha Amin kuua, maana maelfu ya askari walipitia huko na hawakugeuka kuwa Amin. Ninachosema ni kwamba alipokuwa anaunda fikra zake kuhusu namna serikali inavyoshughulikia wapinzani, mfano aliokuwa nao mbele ya macho ulikuwa huo.

Na kuna kichekesho kidogo cha historia. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 Milton Obote naye alikuwa Kenya, akifanya kazi za vibarua na kujifunza siasa kwa wanaharakati wa uhuru. Mmoja alijifunza mkutanoni, mwingine msituni. Miaka kumi baadaye walikutana Kampala, mmoja akiwa waziri mkuu na mwingine akiwa na bunduki.

Je, alicheza raga dhidi ya British Lions pale Ngong Road?

Hapana. Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland, walicheza na Afrika Mashariki katika uwanja wa RFUEA mwaka 1955, na hadithi inadai Amin alikuwa mchezaji wa akiba. Siku hizo mechi za aina hiyo hazikuwa na wachezaji wa akiba. Alicheza raga kweli, lakini katika klabu kule Jinja. Umaarufu wake wa michezo ulikuwa wa ndondi: alikuwa bingwa wa Uganda, katika uzani mmoja chini ya ule mzito kabisa, kuanzia 1951 hadi 1960.

Alifikaje kuwa afisa bila kusoma?

Kwa haraka ya Waingereza kuondoka. Mwaka 1959 alipewa cheo cha effendi, kilichobuniwa kwa ajili ya Waafrika na ambacho ndicho kilikuwa kikomo chao katika KAR. Uhuru ulipokaribia, Uganda haikuwa na afisa hata mmoja mweusi. Ikabidi watafutwe upesi miongoni mwa waliokuwepo, na Julai 1961 Amin na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kuwa maluteni. Kama Waingereza wangeanza kutayarisha maafisa miaka kumi mapema, nadhani Amin angestaafu akiwa sajini mashuhuri wa ndondi, na mimi ningekuwa naandika kuhusu kitu kingine.

Ilikuwaje huko Turkana mwaka 1962?

Hapa ndipo angeweza kusimamishwa kwa urahisi. Miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, kikosi chake kilitumwa mpakani mwa Karamoja na Turkana kuzima wizi wa mifugo. Malalamiko yakafika Nairobi kwamba askari wa Luteni Amin wamewatesa na kuwaua Waturkana. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilichunguza, maiti zikafukuliwa, na zilikuwa na alama za mateso. Nairobi ikataka ashtakiwe.

Amin alikuwa askari wa Uganda, basi suala likapelekwa kwa Gavana Walter Coutts huko Entebbe. Coutts akamwita Obote, waziri mkuu aliyekuwa akijiandaa kupokea nchi tarehe 9 Oktoba. Lilikuwa swali gumu: je, mmoja wa maafisa wawili tu weusi ashtakiwe kwa mauaji wiki chache kabla ya bendera kupandishwa? Obote akashauri apewe onyo kali. Coutts alisimulia baadaye kwamba alikubali, lakini alimtahadharisha Obote kuwa afisa huyu angemletea shida siku za mbele.

Onyo likatolewa. Mwaka huohuo Amin akawa kapteni, na 1963 akawa meja. Waturkana waliouawa hawakupata kesi Entebbe wala Nairobi.

Maasi ya 1964 yalimsaidia vipi?

Yalimsaidia sana, na ukitaka kuelewa kwa nini Uganda ilikwenda njia yake na Kenya na Tanzania njia nyingine, anzia hapa.

Januari 1964 askari waliasi katika nchi zote tatu ndani ya siku chache: Dar es Salaam tarehe 20, Jinja tarehe 23, na Lanet karibu na Nakuru tarehe 24. Madai yalikuwa yaleyale, mishahara na kuondolewa maafisa Waingereza. Serikali zote tatu zilimeza aibu na kuomba jeshi la Uingereza liingilie. Jinja walimzuilia Waziri Felix Onama hadi akakubali kuwaongezea mishahara, na wanajeshi wa Uingereza wakapelekwa kwa ndege kutoka Kenya.

Baada ya hapo kila serikali ikachagua njia yake. Nyerere alilivunja jeshi zima na kuanzisha jipya, JWTZ. Kenyatta aliwapeleka waasi mahakama ya kijeshi na kukifuta kikosi cha 11 kilichoasi. Obote aliwaongezea mishahara. Waliofukuzwa walikuwa wachache, na baadhi yao wakarudishwa. Askari wa Uganda wakajifunza kwamba serikali inatishika. Amin, aliyejua kuwatuliza askari wa kawaida kwa Kiswahili na mzaha, akapandishwa kuwa luteni kanali na kupewa uongozi wa kikosi cha Jinja, na kabla mwaka haujaisha akawa naibu mkuu wa jeshi.

Kashfa ya dhahabu ya Kongo ni nini?

Serikali ya Obote ilikuwa ikiwasaidia kwa siri waasi wa Kongo, wafuasi wa marehemu Lumumba waliompinga waziri mkuu wa huko, Moïse Tshombe. Waasi walikuwa na dhahabu, pembe za ndovu na kahawa lakini hawakuwa na silaha. Amin akawa mtu wa kati. Kisha akaonekana akiweka benki fedha nyingi mno kwa mshahara wa kanali.

Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akiwa na taarifa ya akaunti ya benki ya Amin na kutaka asimamishwe kazi achunguzwe. Obote mwenyewe alikuwa ziarani kaskazini. Hoja ikapita, mbunge mmoja tu akiipinga. Yaani baraza la mawaziri na karibu bunge zima lilikuwa limemwacha mkono waziri mkuu.

Obote aliporudi alikuwa na njia mbili: kumtoa Amin kafara, au kumtumia. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri, Grace Ibingira akiwa mmoja wao. Siku mbili baadaye katiba ikasimamishwa. Opolot akaondolewa katika uongozi wa jeshi na Amin akapewa nafasi hiyo. Mtu aliyetakiwa kuchunguzwa ndiye aliyekabidhiwa jeshi.

Na shambulio la Mengo?

Kabaka Mutesa II alikuwa mfalme wa Buganda na pia rais wa Uganda, cheo ambacho Obote alikuwa amemvua. Buganda ikaiamuru serikali kuu iondoke katika ardhi yake, nayo Kampala imo ndani ya ardhi hiyo. Tarehe 24 Mei 1966 Obote akamtuma Amin.

Walinzi wa Kabaka walikuwa wachache, wengine na bunduki kuukuu, lakini walikaza kwa saa nyingi. Mvua kubwa ikanyesha katikati ya mapigano. Mutesa alipenya hadi ukuta wa nyuma, akauruka, akapata teksi na kutoroka. Alifika Burundi, kisha London, akafia huko Novemba 1969. Ikulu yake ya Mengo iligeuzwa kambi ya jeshi, na kutoka kambi hiyohiyo vifaru vingemtokea Obote miaka minne na nusu baadaye.

Watu wa Buganda hawakumsamehe Obote. Ajabu ni kwamba Amin, aliyeongoza mashambulizi, alisamehewa haraka. Utaona sababu hapo chini.

Kwa nini Obote hakumwondoa alipoona anakuwa hatari?

Alijaribu, lakini taratibu mno. Baada ya 1966 hakuwa na bunge wala Buganda nyuma yake, alikuwa na jeshi tu, na jeshi lilikuwa kwa Amin. Kila mmoja alianza kujenga lake. Obote aliimarisha General Service Unit chini ya Akena Adoko, shirika la ujasusi ambalo halihusiani kabisa na GSU yetu ya polisi, na akawapandisha vyeo maafisa wa Lango na Acholi. Amin naye akaajiri Wakakwa, Walugbara, Wanubi na vijana kutoka Sudan Kusini, ambako Waisraeli walikuwa wakiwapa silaha waasi wa Anyanya kupitia Uganda. Hata ndoa ziliingia katika hesabu. Mmoja wa wake zake, Nora, alitoka Lango, kwao Obote.

Tarehe 19 Desemba 1969 Obote alipigwa risasi mdomoni akitoka katika mkutano wa chama chake Lugogo. Aliponea chupuchupu. Usiku huo askari walipofika nyumbani kwa Amin, mkuu wa jeshi aliruka ua wa seng'enge bila viatu na kutokomea gizani. Kwa wafuasi wake alikuwa amedhani anakuja kuuawa. Kwa Brigedia Pierino Okoya alikuwa mwoga aliyekimbia kazi, au mtu aliyejua zaidi ya alivyosema, na Okoya alimwambia hivyo mbele ya maafisa wenzake. Tarehe 25 Januari 1970 Okoya na mke wake waliuawa kwa risasi nyumbani kwao Gulu.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Septemba 1970 Amin alipelekwa Cairo kuiwakilisha Uganda katika mazishi ya Rais Nasser wa Misri, na aliporudi akakuta Obote amepanga jeshi upya. Suleiman Hussein ndiye sasa aliyeongoza jeshi la nchi kavu, na Amin amebaki na cheo kikubwa kisicho na askari. Januari iliyofuata, Obote alipokuwa akijiandaa kwenda Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, alimtaka Amin aeleze kwa maandishi mambo mawili: mamilioni ya shilingi za jeshi yaliyopotea, na kifo cha Okoya. Kisha akapanda ndege na kumwacha nyumbani na maswali hayo. Sijawahi kuelewa uamuzi ule. Mtu akimwonyesha askari mwenye silaha kwamba anakwenda kufungwa, hasafiri.

Siku ya mapinduzi ilikwendaje?

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 25 Januari 1971, mwaka mmoja kamili tangu Okoya auawe, askari watiifu kwa Amin walivamia maghala ya silaha na kutoa vifaru barabarani. Uwanja wa ndege wa Entebbe ulipigwa mizinga, makasisi wawili kutoka Kanada wakauawa. Kufikia mchana Kampala ilikuwa mikononi mwao.

Redio Uganda ilikuwa ikipiga muziki wa kijeshi. Karibu saa kumi jioni, Sam Wilfred Aswa, ambaye hakuwa hata afisa kamili, akasoma kwa sauti ya kigugumizi sababu 18 za kumwondoa Obote: watu kufungwa bila kesi, ufisadi, kodi, kukosekana uchaguzi, upendeleo kwa watu wa Lango. Mwishoni akatangaza kwamba uongozi umekabidhiwa Meja Jenerali Idi Amin. Baadaye Amin mwenyewe akasema yeye ni mwanajeshi tu, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi utafanyika.

Obote alipata habari akiwa safarini kurudi. Alitua Nairobi, akaona mambo hayakumwendea vizuri hapa, akaendelea hadi Dar es Salaam, ambako Nyerere alimpokea kama rais.

Ni Waingereza na Waisraeli waliompindua Obote?

Jibu fupi: Waisraeli walijua zaidi, Waingereza walifurahi zaidi.

Obote alikuwa amewaudhi wote. Mei 1970 alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya kampuni kubwa, nyingi za Waingereza, na Singapore alikuwa mstari wa mbele kumshambulia waziri mkuu wa Uingereza, Edward Heath, kwa kutaka kuiuzia Afrika Kusini silaha. Waisraeli walichukia alipoanza kuegemea Khartoum na kutaka kufunga njia ya kuwasaidia Anyanya. Kanali Baruch Bar-Lev, mkuu wa ujumbe wa kijeshi wa Israeli, alikuwa rafiki wa karibu wa Amin. Hati za kibalozi za Uingereza zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha balozi Richard Slater akimwendea Bar-Lev ili ajue kinachoendelea, jambo linaloonyesha nani alikuwa ndani na nani nje. Hata hivyo London iliitambua serikali mpya Februari hiyohiyo, na Julai Amin alikaribishwa chakula na Malkia.

Mimi siwapi wageni sifa yote. Vifaru viliendeshwa na Waganda waliokuwa na sababu zao.

Kwa nini watu walishangilia?

Kwa sababu walikuwa wamemchoka Obote. Kampala ilijaa matawi ya miti na nderemo. Amin akafanya haraka mambo matatu yaliyowagusa watu. Aliwafungua wafungwa wa kisiasa zaidi ya 50, akiwemo Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa zamani. Aliahidi kura. Na aliirudisha maiti ya Mutesa kutoka London ikazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka, kwa heshima zote za kifalme, Aprili 1971. Mtu aliyemfukuza Kabaka akiwa hai akamleta akiwa maiti, na Buganda ikamshukuru.

Alikuwa akiendesha gari mwenyewe, anasimama njiani, anaongea na watu, anacheza ngoma nao. Baada ya miaka ya Obote aliyejifungia, lilikuwa jambo geni.

Nairobi ilisemaje?

Haikumlilia Obote. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amewafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya kutoka Uganda, wengi wao Waluo, na siasa zake za kijamaa hazikuwa zikipendwa na watu wa Kenyatta. Isitoshe Uganda ilikuwa soko kubwa la viwanda vya Nairobi, na mizigo yake ilipitia Mombasa. Kenya ikaamua kuendelea na biashara na aliyeko. Nyerere alikataa hata kuketi meza moja na Amin, na kwa sababu wakuu watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena, Jumuiya ilianza kufa hapo hadi ikavunjika 1977.

Je, alikuwa mjinga kama anavyochekwa?

Hapana. Kusoma na kuandika kulimpa taabu, lakini kumsoma mtu aliweza. Maafisa wa Uingereza walimwona kama mtoto mkubwa anayechekesha, Obote alimwona kama chombo, Waisraeli kama rafiki, na aliwaacha wote waamini hivyo maadamu wanampandisha.

Ni kweli aliongea Kiswahili?

Ndiyo, kile cha kambini, na kilimtoka vizuri kuliko Kiingereza. Mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Waganda wengi walikihusisha na askari wanaobisha hodi usiku, na mpaka leo wako wasiotaka kukisikia kwa sababu hiyo.

Alianza udikteta lini hasa?

Watu husema 1972, alipowafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90. Kwa waliovaa sare ilianza wiki ileile ya mapinduzi. Maafisa na askari wa Acholi na Lango walikamatwa kambini na kuuawa kwa mamia. Suleiman Hussein alipigwa hadi kufa gerezani Luzira. Tarehe 2 Februari Amin alijitangaza mkuu wa nchi, bunge likavunjwa, akaanza kutawala kwa amri. Machi, askari wakapewa mamlaka ya kumkamata mtu yeyote. Mawaziri wake wengi walikuwa raia wasomi, nao wakaapishwa kama makadeti, chini ya nidhamu ya jeshi, kwa hiyo waziri aliyebishana alikuwa amevunja amri ya kijeshi.

Julai 1971, Amin akiwa ziarani Israeli na Uingereza, mauaji yalizuka tena Mbarara na Jinja. Wamarekani wawili, mwandishi Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, walikwenda kambi ya Simba, Mbarara, kuuliza maswali na wakauawa humohumo. Dunia iliwasikia hao wawili kuliko mamia ya askari.

Kiwanuka, yule aliyefunguliwa kwa mbwembwe, aliteuliwa jaji mkuu mwaka huo. Septemba 1972 watu wenye silaha walimtoa mahakamani mchana kweupe na hakuonekana tena.

Alifia wapi?

Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003, miaka 24 baada ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni kuiteka Kampala mwezi Aprili 1979. Hakuwahi kufikishwa mahakamani. Kesi iliyokaribia zaidi kumfikia ilikuwa ile ya Turkana.